Jinsi ya Kuishika Hisabati Ukiwa Mwanafunzi wa Biolojia Chuoni

Wengi huchagua biolojia wakidhani wameagana na hisabati. Muhula wa kwanza haujaisha, wanakutana nayo tena: kwenye maabara ya vimeng'enya, kwenye somo la urithi, kwenye ikolojia, na mwaka wa mwisho kwenye utafiti wao wenyewe, pale msimamizi anapouliza, "Sampuli ngapi, na kwa nini hizo?" Mwongozo huu ni wa mwanafunzi huyo.

Mpangilio nitakaoufuata si ule wa idara ya hisabati. Kule huanza na limiti, kisha kalkulasi, na uwezekano huja baadaye, kama utakuja. Kwa mtu wa biolojia naona mpangilio huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Anza na swali kuhusu kiumbe, chukua hisabati inayotosha kulijibu, kisha subiri swali lingine likulazimishe kusonga mbele.

Mahitaji ni machache: daftari, penseli, kikokotoo chenye kitufe cha logi, na kompyuta yenye programu ya lahajedwali. Aljebra ya sekondari inatosha kuanzia.

Hatua ya 1: Zidisha, na uandike vizio

Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey aliangusha fundisho lililodumu tangu enzi za Galen, daktari wa kale, kwamba damu hutengenezwa kutokana na chakula na kutumika ikaisha mwilini. Nguzo moja ya hoja yake ilikuwa kuzidisha tu: kiasi cha damu kinachosukumwa kwa pigo moja la moyo, mara idadi ya mapigo. Hata alipokadiria kiasi kidogo mno kwa kila pigo, jumla ya nusu saa ilizidi damu yote iliyomo mwilini. Hakuna mlo unaoweza kuzalisha damu kwa kasi hiyo. Basi damu hiyo hiyo lazima iwe inazunguka.

Rudia hesabu hiyo kwa takwimu za leo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa kama mililita 70 kwa pigo, na hupiga kama mara 70 kwa dakika. Andika: mililita 70 kwa pigo × mapigo 70 kwa dakika = mililita 4,900 kwa dakika. Neno "pigo" limejifuta, likabaki "mililita kwa dakika". Hiyo ni karibu lita 5, yaani takriban damu yote ya mtu mzima kwa kila dakika.

Fanya hivyo kwa kila hesabu ya maabara: vizio viandikwe na vikatwe kama herufi za aljebra. Ukitafuta ukolezi na jibu likakupa "gramu mara lita", umekosea mahali, na umejua kabla ya msahihishaji. Kabla ya kubonyeza kikokotoo, kadiria pia jibu kwa kichwa. Anayepata seli yenye upana wa sentimita 3 bila kushtuka hajakosea hesabu peke yake, amesahau na biolojia.

Hatua ya 2: Zoea vipeo na logi mpaka visikutishe

Hapa ndipo ningetumia wiki nyingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu viumbe huongezeka kwa kuzidishana.

Bakteria aina ya E. coli, akiwa katika mazingira mazuri maabara, hugawanyika kila dakika 20 hivi. Hiyo ni mara 3 kwa saa, mara 72 kwa siku. Ukianza na seli moja, baada ya saa 24 utakuwa na seli 2 kwa kipeo cha 72, yaani takriban 4.7 × 10²¹. Kila seli ina uzito wa kama 10⁻¹² ya gramu, kwa hiyo jumla ni tani 4,700 hivi. Endelea siku ya pili, na uzito unapita ule wa dunia mara elfu kadhaa. Jibu hilo haliwezekani, na hapo ndipo pana funzo lake: lazima kuna kitu kinachozuia ukuaji mapema sana. Kitu gani? Tutakifikia kwenye hatua ya 4.

Logi ni njia ya kurudi nyuma. Badala ya kuuliza "zitakuwa ngapi?", unauliza "zimegawanyika mara ngapi?" Chukua data ya ukuaji wa bakteria, chora logi asilia ya idadi dhidi ya muda, na sehemu ya ukuaji wa kasi itanyooka kama rula. Pima mteremko wa mstari huo, kisha gawanya 0.693 kwa mteremko; unapata muda wa kujirudufu. Hiyo 0.693 ni logi asilia ya 2, haikushuka kutoka mbinguni.

Mfano wa pili ni pH, ambayo wanafunzi huisoma kama alama za mtihani. Damu ya mtu mwenye afya ina pH ya karibu 7.4. Ikishuka hadi 7.1, mtu anaona tofauti ya 0.3 tu na kupuuza. Lakini pH ni logi ya kumi, na 10 kwa kipeo cha 0.3 ni karibu 2. Ioni za hidrojeni zimeongezeka maradufu, na mgonjwa huyo yuko katika hali mbaya. Ukielewa mfano huu vizuri, umeelewa logi.

Zoezi: kila mzunguko wa PCR, mbinu ya maabara ya kunakili DNA, huongeza DNA maradufu pale mambo yanapokwenda sawasawa. Baada ya mizunguko 30 una nakala ngapi kutoka moja? Kisha jiulize kwa nini maabara halisi hupata pungufu.

Hatua ya 3: Uwezekano kabla ya kalkulasi

Jenetiki ilizaliwa kwa kuhesabu. Gregor Mendel, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1866, alihesabu mbegu za njegere za kizazi cha pili: za duara 5,474 na zenye mikunjo 1,850. Uwiano wake ni 2.96 kwa 1. Nadharia inataka 3 kwa 1. Je, tofauti hiyo ni ya bahati tu?

Jumla ni 7,324. Kwa uwiano wa 3 kwa 1 tungetarajia 5,493 na 1,831. Kila upande umepishana kwa 19. Chukua 19 × 19 = 361, gawanya kwa 5,493 upate 0.066, gawanya tena kwa 1,831 upate 0.197. Jumla ni 0.26. Hilo ndilo jaribio la kai-mraba, na umelifanya lote kwa mkono. Kwa makundi mawili, kikomo cha kawaida kwenye kiwango cha asilimia 5 ni 3.84. Tuko mbali nacho, kwa hiyo data inakubaliana na 3 kwa 1. (Mwaka 1936 Ronald Fisher alizipitia data zote za Mendel na kuona zinakubaliana na nadharia kupita kiasi, kuliko ambavyo bahati ingeruhusu. Wataalamu wamebishana juu ya hilo hadi leo. Kumbe hata usahihi una kipimo chake cha kutiliwa shaka.)

Sasa panda ngazi moja, kutoka kwenye familia hadi kwenye jamii nzima. Aleli mbili, yaani matoleo mawili ya jeni moja, zina masafa p na q, na p + q = 1. Watu wakizaana bila kuchagua kwa sifa hiyo, katika jamii kubwa isiyo na uteuzi, uhamaji wala mabadiliko ya jeni, aina tatu za watu hupatikana kwa p², 2pq na q². Huu ni mlinganyo wa Hardy-Weinberg wa mwaka 1908. Ni mraba wa p + q, ule ule wa kidato.

Tazama unavyofanya kazi. Ugonjwa fulani wa kurithi unahitaji aleli mbili mbovu na unampata mtu 1 kati ya 10,000. Hivyo q² = 0.0001 na q = 0.01. Wabebaji wasio wagonjwa ni 2 × 0.99 × 0.01 = 0.0198, karibu mtu 1 kati ya 50. Ugonjwa ni nadra, wabebaji wamejaa tele. Katika watu 10,000, mgonjwa mmoja ana aleli 2 mbovu, na wabebaji wapatao 198 wanazo 198. Waliowahi kudai kwamba kuwazuia wagonjwa wasizae kungeondoa magonjwa ya aina hii, mbali na ukatili wa wazo lenyewe, hesabu pia iliwakataa: karibu aleli zote zimejificha kwa watu wazima wa afya.

Zoezi la tatu la uwezekano usilikwepe, hasa ukielekea udaktari. Ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo kinagundua asilimia 99 ya wagonjwa, lakini pia kinawasingizia asilimia 5 ya wazima. Umepimwa bila kuwa na dalili, majibu yamesema unao. Je, una uwezekano gani wa kuwa mgonjwa kweli? Usitafute fomula. Chukua watu 10,000 wa kufikirika: wagonjwa ni 10, na karibu wote wanagundulika. Wazima ni 9,990, na karibu 500 wao wanasingiziwa. Waliopewa majibu ya "unao" ni 510 hivi, wagonjwa wa kweli 10. Ni kama asilimia 2. Tabia ya kugeuza asilimia kuwa watu itakuokoa mara nyingi kuliko fomula yenyewe.

Hatua ya 4: Kalkulasi kama lugha ya kasi

Kalkulasi ya biolojia huanza na sentensi, si na limiti. Sentensi ya kwanza: "Kadiri walivyo wengi, ndivyo wanavyozaliwa wengi." Kwa herufi: dN/dt = rN. Upande wa kushoto unasomeka "kasi ya idadi kubadilika", N ni idadi yenyewe, na r ni mchango wa kila mmoja kwa muda. Hiyo ndiyo E. coli yetu iliyoizidi dunia.

Sentensi ya pili inaweka breki: "Nafasi inavyojaa, kasi inapungua." Mbelgiji Pierre-François Verhulst aliiandika mwaka 1838: dN/dt = rN(1 − N/K). K ni idadi ambayo mazingira yanaweza kuihimili. Kabla ya kutatua chochote, jaribu thamani za ncha zote mbili. N ikiwa ndogo sana, mabano yanakaribia 1, ukuaji ni ule wa bure. N ikifikia K, mabano yanakuwa sifuri, idadi inasimama. N ikizidi K, mabano yanakuwa hasi, idadi inashuka. Umeshaelewa mlinganyo bila kufanya hata hatua moja ya kalkulasi rasmi. Fanya hivi kwa kila mlinganyo utakaoukuta kwenye makala za utafiti: weka sifuri, weka kitu kikubwa mno, angalia kama kinachotokea kinaingia akilini.

Kisha fungua lahajedwali. Kwenye seli ya kwanza weka 10. Chini yake andika fomula: idadi mpya = idadi ya sasa + r × idadi ya sasa × (1 − idadi ya sasa ÷ 1000). Weka r = 0.5. Utapata 14.95, kisha 22.31 hivi, na ukiburuta fomula chini utaona mchoro wa herufi S ukitulia kwenye 1,000.

Sasa badilisha r. Ukiweka 2.3, idadi haitulii tena. Inaruka kati ya thamani mbili. Ukiweka 2.5, inazunguka kati ya nne. Ukiweka 2.8, mpangilio unapotea: safu ya tarakimu inaonekana kama imetupwa na bahati, ilhali hakuna bahati yoyote kwenye fomula. Robert May alionyesha tabia hii kwa mlinganyo wa familia hiyo hiyo katika jarida la Nature mwaka 1976, akasisitiza kwamba wanafunzi waonyeshwe mapema. Nakubaliana naye kabisa. Anayeona vurugu ikizaliwa na mstari mmoja wa lahajedwali hatasema haraka tena kwamba idadi ya wadudu inayopanda na kushuka lazima iwe imesababishwa na hali ya hewa.

Ukishazoea spishi moja, ongeza ya pili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Umberto D'Ancona aliona kwenye takwimu za masoko ya samaki ya Bahari ya Adria kwamba sehemu ya samaki wala-nyama iliongezeka miaka ya vita, uvuvi ulipopungua. Alimpelekea swali hilo mwanahisabati Vito Volterra, na mwaka 1926 Volterra akatoa milinganyo miwili ya mwindaji na mwindwa; Alfred Lotka alikuwa amefikia milinganyo hiyo hiyo kwa njia yake. Jibu lake lilikuwa la kushangaza: uvuvi wa wastani unaowapiga wote wawili huwanufaisha wawindwa. Andika milinganyo hiyo mwenyewe kwa kuanzia na sentensi, kama tulivyofanya kwa Verhulst. Ukikwama, tatizo kwa kawaida liko kwenye sentensi.

Magonjwa ya kuambukiza yanafuata njia hiyo hiyo. Kermack na McKendrick, mwaka 1927, waliwagawa watu katika waliomo hatarini, wanaoambukiza na waliotoka kwenye mzunguko. Kutoka hapo inapatikana kanuni ndogo yenye nguvu: kama mgonjwa mmoja huambukiza R watu katika jamii isiyo na kinga, mlipuko huzimika sehemu ya watu wenye kinga ikizidi 1 − 1/R. Kwa surua, R hutajwa mara nyingi kuwa kati ya 12 na 18. Fanya hesabu: ni kati ya asilimia 92 na 94. Sasa unajua kwa nini chanjo ya asilimia 80 haitoshi kwa surua.

Hatua ya 5: Vimeng'enya, na onyo moja

Mlinganyo wa Michaelis na Menten wa mwaka 1913, v = Vmax × S ÷ (Km + S), hupewa wanafunzi wakaukariri. Hapa v ni kasi ya mmenyuko, Vmax ni kasi ya juu kabisa, na S ni ukolezi wa dutu inayofanyiwa kazi na kimeng'enya. Weka S sawa na Km: unapata nusu ya Vmax. Basi Km ni ukolezi unaofikisha kimeng'enya nusu ya kasi yake ya juu.

Onyo: maabara nyingi za kufundishia bado huwataka wanafunzi wachore 1/v dhidi ya 1/S, mbinu ya Lineweaver na Burk ya mwaka 1934, ili mchoro unyooke. Kabla ya kompyuta ilikuwa na sababu. Lakini kugeuza namba ndogo hukuza makosa yake, na vipimo vya ukolezi mdogo, ambavyo ndivyo dhaifu zaidi, huishia kuvuta mstari mzima. Chora hivyo kama umeagizwa, ila thamani za Vmax na Km zitafute kwa kulinganisha mstari uliopinda wenyewe na data kwa kompyuta.

Hatua ya 6: Matriki

Matriki ni majedwali ya namba; utazihitaji pale umri unapokuwa na maana. P. H. Leslie alipanga uzazi na uhai wa kila rika katika matriki mwaka 1945. Mfano maarufu ni wa kasa wa baharini: uchambuzi wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba kulinda mayai peke yake hakungeokoa idadi yao, na kwamba faida kubwa ingetokana na kupunguza vifo vya kasa wakubwa ambao bado hawajakomaa, wengi wao wakinaswa kwenye nyavu za kuvulia kambamiti. Jifunze kuzidisha matriki kwa vekta, na maana ya thamani kuu ya aijeni (eigenvalue) kama kasi ya ukuaji. Mengine yatasubiri.

Hatua ya 7: Takwimu, kabla ya kugusa sampuli

Hapa wanafunzi wengi hupotea kwa sababu takwimu zimefundishwa kama orodha ya majaribio ya kuchagua. Andika kwanza, kabla ya jaribio, utalinganisha nini na nini. Kisha hesabu sampuli zako kwa ukweli. Majani kumi ya mche mmoja si mimea kumi. Panya watano wa kizimba kimoja wanaweza kufanana kwa sababu ya kizimba. Kosa hili lipo hata kwenye makala zilizochapishwa, na hakuna jaribio la takwimu litakalolitibu baadaye.

Onyesha nukta zako zote kwenye mchoro, usifiche mtawanyiko nyuma ya nguzo ya wastani. Na thamani ya p isome jinsi ilivyo: ni uwezekano wa kupata data iliyo mbali kiasi hicho au zaidi, kama kweli hakuna tofauti. Haisemi nadharia yako ina uwezekano gani wa kuwa kweli. Mfano wetu wa kipimo cha ugonjwa ulishakuonyesha kwamba maswali hayo mawili yana majibu tofauti kabisa.

Hatua ya 8: Programu

R au Python, lugha mbili za kuandikia programu, chagua moja. Lahajedwali ni nzuri kwa kujifunza, lakini kwa data kubwa inaweza kubadilisha mambo bila kukuuliza. Excel iligeuza majina ya jeni kama SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe, makosa yakaingia kwenye makala nyingi, hadi kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ikabadilisha majina yenyewe: MARCH1 sasa ni MARCHF1. Kwa hiyo hifadhi data ghafi pasipoguswa, na kila badiliko lifanywe na msimbo unaoweza kusomwa na mtu mwingine.

Hatua ya 9: Tafuta mwenzako wa hisabati

Mlinganyo wa hatua ya 3 ulitokana na urafiki. Reginald Punnett, mtaalamu wa urithi wa Cambridge, alikabiliwa na swali asilokuwa na jibu safi: kama vidole vifupi ni sifa tawala, mbona haienei mpaka robo tatu ya watu wawe nayo? Akalipeleka kwa G. H. Hardy, mwenzake wa kriketi, mwanahisabati aliyejivunia kwamba kazi yake haina matumizi. Hardy alilimaliza kwa aljebra ya mistari michache na kuonyesha kwamba masafa hayasogei yenyewe. Mwaka huo huo wa 1908 Wilhelm Weinberg, daktari wa Stuttgart, alikuwa ameshafika hapo peke yake.

Punnett alikwenda na swali lililokamilika. Nawe nenda na ukurasa mmoja: swali kwa sentensi moja, orodha ya vitu unavyoweza kupima na vizio vyake, mchoro wa mkono wa unachotarajia kuona, na jambo linalopaswa kutokea pale kila kitu kikiwa sifuri au kikubwa mno. Usianze na "nitumie jaribio gani?" Na kubalianeni herufi mapema: r yako ya ukuaji, kwa mtu wa takwimu, ni kipimo cha uhusiano, na p imeshatumika katika mwongozo huu kwa maana mbili.